Kitabu Masikioni: Podikasti za Fasihi na Msikilizaji wa Bunia

Mwanafunzi wa fasihi mjini Bunia anaweza leo kusikiliza mjadala mrefu juu ya riwaya ambayo hajapata kuiona, na ambayo yamkini hataiona katika duka lolote la mji wake. Zamani jambo hilo lilihitaji redio ya masafa mafupi, betri zenye nguvu, na bahati ya kuwa nyumbani saa ya kipindi. Siku hizi linahitaji simu na subira. Makala haya yanakusudia kueleza podikasti za vitabu na uandishi ni kitu gani, zinapatikanaje katika mji kama Bunia, na zinafaa kusikilizwa kwa namna gani. Hoja inayoyaongoza ni kwamba podikasti haimpi msikilizaji kitabu. Inampa mazungumzo juu ya kitabu. Mazungumzo hayo yaweza kumfikisha kwenye kusoma au kumwondolea haja ya kusoma. Aidha, lugha yanamofanyika si lugha ya mji wake.

Neno na kitu

Neno podikasti limetoka katika Kiingereza, na safari yake ni fupi kuliko ya maneno mengi ya mkopo. Ben Hammersley alilitumia katika gazeti la The Guardian la Uingereza mwezi Februari 2004, likiwa limeundwa kutokana na jina la iPod, kile kifaa kidogo cha kusikilizia muziki, na nusu ya pili ya neno la Kiingereza lenye maana ya kutangaza redioni. Mwezi Juni 2005 kampuni ya Apple iliziingiza podikasti katika programu yake ya iTunes, na tangu hapo neno likaenea. Kiswahili kililipokea kwa kanuni zake chenyewe: irabu i ilipachikwa kati ya d na k, nyingine ikaongezwa mwishoni, na nomino ikawekwa katika ngeli ya I-/ZI- pamoja na kompyuta na televisheni. Mfuatano wa s na t haukuguswa, kwa kuwa posta na stesheni zilikwisha kuuzoeza ulimi. Wasemaji wa Kifaransa wa Quebec walishika njia nyingine mwaka huohuo wa 2004, walipounda neno baladodiffusion. Msemaji wa Bunia aliyesomeshwa kwa Kifaransa huenda akasema tu émission, bila kujali kama sauti imekuja kwa mawimbi au kwa intaneti.

Na kwa hakika, kwa upande wa maudhui, tofauti si kubwa. Tofauti ipo katika namna ya kufika. Kipindi cha redio hupita mara moja kama mvua, asiyekuwapo amekikosa. Podikasti ni faili la sauti lililohifadhiwa katika kompyuta fulani, pamoja na orodha iliyoandikwa kwa mfumo uitwao RSS, ambayo huiarifu programu ya simu kila mara toleo jipya linapowekwa. Msikilizaji hulipakua anapotaka na kulisikiliza apendapo. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa fasihi. Kusimamisha sauti, kurudi nyuma, kulisikia tena neno lililopita upesi, kulinganisha alichosema mwandishi mwanzoni na alichosema mwishoni, yote hayo ni mambo ambayo msomaji wa kitabu amekuwa akiyafanya kwa kufunua kurasa, na ambayo msikilizaji wa redio hakuwa nayo.

Sikio lililokwisha kuzoezwa

Ingekuwa makosa kudhani kwamba podikasti zimewakuta watu wa Ituri wakiwa wageni wa elimu ya kusikia. Katika miaka ya 1970 Chuo cha Juu cha Ualimu cha Bunia, kinachojulikana kwa kifupi cha Kifaransa ISP, kilizaa Radio Candip, ambayo jina lake ni kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya kituo cha uhamasishaji na utangazaji wa elimu. Redio iliyozaliwa chuoni, kwa ajili ya kufundisha watu wa mji na wa vijijini, ni jambo lisilo la kawaida, na linastahili kukumbukwa kila inaposemwa kwamba kujifunza kwa sauti ni uvumbuzi wa jana. Radio Okapi ilianza kutangaza nchini tarehe 25 Februari 2002 kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo. Kutoka nje zilikuja idhaa za Kiswahili: ya BBC iliyoanza tarehe 27 Juni 1957, ya Deutsche Welle iliyoanza 1963, na ya RFI iliyoanza 2010. Katika miaka ya vita vya Ituri, tangu 1999 hadi 2003 na baada yake, redio ilikuwa njia ya kujua barabara ipi inapitika na mtaa upi umeungua. Sikio la Bunia limezoezwa kwa habari. Halikuzoezwa sana kwa uhakiki wa vitabu, na tofauti hiyo itajitokeza tena hapa chini.

Kusoma kitabu kwa sauti mbele ya watu nako hakukuanza na simu. Tenzi za pwani zilighaniwa kabla ya kuchapwa, na nyingi zilitungwa kwa ajili ya kughaniwa. Mfano wa karibu zaidi ni wa Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025. Riwaya yake ya Kigĩkũyũ, ambayo kwa Kiswahili inaitwa Shetani Msalabani, aliiandika katika gereza la Kamiti juu ya karatasi za chooni, nayo ikatoka 1980. Katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986 alieleza jinsi ilivyosomwa: jamaa walikusanyika jioni na mmoja mwenye kujua kusoma akawasomea, wafanyakazi walisomeana saa ya chakula cha mchana, na katika vilabu vya pombe msomaji alisoma mpaka mahali pa kusisimua, kisha akakiweka kitabu chini mpaka wasikilizaji wamjazie gilasi. Msomaji yule wa kilabuni alikuwa na kitu ambacho podikasti haina. Aliweza kuulizwa. Aliposoma jambo lisiloeleweka, mtu alimkatiza.

Kongo nayo ina mfano wake. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilijipatia jina kwa michezo ya Kiswahili katika redio na televisheni. Mwaka 1986 Johannes Fabian alilifuata kundi hilo lilipokuwa likiutayarisha mchezo uliotokana na msemo kwamba mamlaka huliwa mazima, naye akachapa matokeo ya utafiti wake mwaka 1990. Mchezo ule haukuwa na maandishi kabla ya kuchezwa. Waigizaji waliujenga kwa kusema na kusahihishana, kwa Kiswahili cha Shaba kisichofuata sarufi ya shule, na hadhira ikawaelewa tangu neno la kwanza.

Kinachopatikana

Anayetafuta leo podikasti ya Kiswahili iliyojitolea kwa vitabu peke yake atapata taabu. Zilizopo ni chache, nyingine huanza kwa shangwe na kukoma baada ya matoleo machache, na zinapowekwa kando ya zile za Kifaransa na Kiingereza huonekana kama kibanda kando ya ghorofa. Kwa hiyo msikilizaji wa Bunia hana budi kuokota hapa na pale. RFI Kiswahili ina Nyumba ya Sanaa, ambamo waandishi huingia kwa zamu pamoja na wanamuziki na wachoraji, na Changu Chako, Chako Changu, inayohusu utamaduni na historia. Idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa imetoa Neno la Wiki, ambamo wataalamu wa mabaraza ya Kiswahili hufafanua neno moja au methali moja kwa dakika chache. Kwa mwalimu wa lugha hii ni zawadi, kwani toleo zima huingia darasani bila kula saa ya somo. Deutsche Welle ilianzisha mwaka 2008 mfululizo wa michezo ya redio uitwao Noa Bongo, Jenga Maisha Yako. Lengo la michezo hiyo ni kufundisha vijana, wala si sanaa kwa ajili ya sanaa. Lakini mwandishi chipukizi atajifunza humo jinsi mazungumzo pekee, bila msimulizi, yanavyoweza kubeba kisa.

Lipo pia kundi kubwa ambalo halijiiti podikasti, nalo ni masomo ya sauti na video yanayotolewa na walimu wa Kenya juu ya vitabu teule vya mtihani wa kidato cha nne. Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege zimezungumzwa humo saa kwa saa. Wingi huo ni neema, lakini una kasoro iliyo wazi. Mwalimu anayemtayarisha mtahiniwa hukigawa kitabu vipandevipande: dhamira hizi, wahusika hawa na sifa zao, mbinu hizi za lugha na mifano yake. Kitabu hutoka mikononi mwake kama kuku aliyekatwa tayari kwa sufuria. Mtu aliyesikiliza masomo kumi ya namna hiyo anajua majina ya mbinu zote za taharuki, na bado hajataharuki hata mara moja.

Kwa Kifaransa, lugha ya shule ya Kongo, hazina ni kubwa. RFI ina Littérature sans frontières, ambamo mwandishi mmoja huhojiwa juu ya kitabu kimoja. Na tangu 2013 redio hiyo imekuwa ikirekodi huko Avignon usomaji wa tamthilia za waandishi wa Afrika na wa nchi nyingine zinazotumia Kifaransa, chini ya jina Ça va, ça va le monde! Kwa Kiingereza, ambacho kinazidi kusikika Ituri kwa sababu ya biashara na Uganda, BBC ilianzisha mwaka 2002 World Book Club, ambamo wasomaji kutoka pande zote za dunia humuuliza mwandishi maswali. Jarida la The New Yorker la Marekani lilianza mwaka 2007 podikasti yenye mpango rahisi: mwandishi huchagua hadithi fupi ya mwandishi mwingine iliyopata kuchapwa katika jarida hilo, huisoma yote kwa sauti, kisha huijadili pamoja na mhariri. Mpango huu wa mwisho ndio unaofaa zaidi kuigwa kwa Kiswahili, na sababu ni moja tu. Hadithi yote inasomwa. Msikilizaji asiye na kitabu hakuachwa nje. Anapoanza kusikia mjadala, naye amekwisha kuwa msomaji, na anaweza kuukataa.

Gharama na namna ya kuipunguza

Mjini Bunia swali la kwanza la msikilizaji si kipindi gani ni kizuri. Ni mega ngapi. Hapa patajwe kwamba neno mega, ambalo Mkongo hulitumia kwa kile ambacho Mtanzania na Mkenya hukiita bando, limetokana na kipimo chenyewe, na kwa hiyo lina faida ya kumkumbusha mtumiaji kwamba analipia uzito wa faili na si urefu wa muda. Mazungumzo ya dakika 30 yaliyorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde yana uzito wa megabaiti 14 na nusu hivi. Yakirekodiwa kwa kilobiti 128, uzito huongezeka maradufu hadi karibu 29, wala sikio haliongezewi chochote cha maana, kwa kuwa sauti ya mtu anayesema haihitaji upana unaohitajiwa na muziki. Mfumo mpya zaidi uitwao Opus, uliokubaliwa mwaka 2012, unaweza kuyabeba mazungumzo hayohayo kwa kilobiti 24, yaani chini ya megabaiti 6, nayo yakasikika vizuri. Kuyatazama kama video kwaweza kugharimu mamia ya megabaiti, na mara nyingi kinachoonekana ni picha moja isiyosogea.

Yafuatayo ni matokeo ya hesabu hiyo. Kwanza, msikilizaji apakue na asisikilize moja kwa moja kutoka mtandaoni, kwa sababu akirudia sehemu moja mara tatu aweza kuilipia mara tatu. Zipo programu za bure, kama AntennaPod kwa simu za Android, zinazoweza kuamriwa zisipakue kitu mpaka simu ifike mahali penye Wi-Fi. Pili, mtu mmoja apakue kwa ajili ya wengi. Kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 8 hubeba zaidi ya matoleo 500 ya dakika 30 kwa kilobiti 64, na kutoka simu hadi simu faili hupita kwa Bluetooth bila kulipiwa chochote. Njia hii vijana wa mji wanaifahamu kitambo, kwa kuwa ndiyo iliyosambaza nyimbo na filamu. Tatu, faili likishahifadhiwa halitegemei tena uhai wa kituo. Wasikilizaji wa Sauti ya Amerika walilionja hilo mwezi Machi 2025, idhaa hiyo iliponyamazishwa pamoja na matangazo yake ya Kiswahili: waliokuwa wamehifadhi walibaki na kitu, na wengine walibaki na kumbukumbu.

Namna ya kusikiliza

Sikio lililozoezwa kwa habari husikiliza ili kujua lililotokea, kisha huacha. Likisikiliza mjadala wa riwaya kwa tabia hiyohiyo, hutoka na muhtasari wa kisa na jina la mwandishi, na huo ndio mtego. Mwanafunzi mwenye muhtasari wa sauti anaweza kuandika kurasa mbili juu ya kitabu ambacho hakukigusa, na msahihishaji asitambue. Lakini maoni yote yaliyomo katika kurasa hizo yatakuwa ya watu wengine, na hatakuwa na kipimo cha kujua lipi ni kweli.

Mfano mmoja utatosha kuonyesha jinsi podikasti inavyoweza kutumiwa vingine. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, mahojiano naye yalifurika kila mahali, na wengi katika Afrika ya Mashariki waliisikia sauti yake kabla ya kuona jalada la kitabu chake chochote. Riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Humo mtoto Yusuf anatolewa na wazazi wake kwa tajiri mfanyabiashara kwa ajili ya deni la baba, na baadaye anaufuata msafara wa tajiri huyo kuelekea bara.

Mahojiano yanayofanyika London, Nairobi au Zanzibar humuuliza Gurnah juu ya uhamisho, juu ya ukoloni wa Wajerumani, juu ya pwani iliyopotea. Ni maswali ya haki. Lakini msikilizaji wa Bunia anakaa upande wa pili wa safari hiyo. Nusu ya pili ya karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara wa pwani na wafuasi wao wa Manyema iliingia katika misitu ya mashariki ya Kongo kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Tippu Tip, mkubwa wao, aliacha tawasifu yake kwa Kiswahili. Na Kiswahili chenyewe kilifika pande za Ituri kwa njia hizo kabla ya kuchukuliwa na wamisionari na serikali ya kikoloni. Kwa Mhema, Mlendu, Mbira au Mwalur, msafara si jambo la kuondoka nalo nyumbani. Ni jambo lililofika mlangoni. Swali kwamba wenyeji wa bara wanaonekanaje katika riwaya inayosimuliwa kutoka ndani ya msafara, na kama wanapewa sauti au wanapewa tu makelele, laweza kuulizwa popote, lakini Bunia ni mahali ambapo halikwepeki. Anayesikiliza mahojiano akiwa na swali hilo mkononi hupata jambo ambalo mhoji hakulitafuta. Na kulijibu hawezi, mpaka akipate kitabu.

Hapo ndipo ugumu unaporudi. Kitabu kilichochapwa Dar es Salaam au Nairobi husafiri mbali kufika Bunia, kwa kupitia Uganda au kwa barabara ya Beni na Butembo, katika jimbo ambalo tangu Mei 2021 liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Na mwenye duka hawezi kulaumiwa akipendelea kupakia sabuni. Baadhi ya riwaya za Kiswahili zina tafsiri ya Kifaransa, kama Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi iliyoitwa Les girofliers de Zanzibar, na kwa msomaji wa Kongo tafsiri hiyo yaweza kuwa mlango ulio karibu zaidi. Vyuo vya Bunia vina maktaba zao. Chuo kinachonunua nakala moja ya kitabu kilichokwisha kujadiliwa katika podikasti kitakuwa kimenunua kitabu chenye wasomaji wanaokingoja, na hilo ni zaidi ya linaloweza kusemwa juu ya vitabu vingi vya msaada vinavyofika katika maboksi.

Inafaa pia podikasti isikilizwe na kundi, kwa jinsi ya kilabu cha Ngũgĩ, mmoja akiwa na ruhusa ya kuisimamisha. Dakika kumi za sauti zaweza kuzaa saa nzima ya ubishi, na ubishi huo ndio uhakiki.

Lugha ya kitabu na lugha ya mji

Limebaki suala la lugha, ambalo kwa jarida la Kiswahili ndilo zito kuliko yote. Kiswahili cha habari watu wa Bunia wanakielewa bila shida. Kiswahili cha uhakiki ni jambo jingine. Istilahi zake zilikuzwa Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi, hali mwanafunzi wa Ituri alijifunza fasihi kwa Kifaransa. Anajua personnage, hajui mhusika; anajua intrigue, lakini msuko kwake ni wa nywele; thème imo kichwani mwake, dhamira humfikirisha mambo ya moyoni na ya toba. Tamthilia kwake ni théâtre. Kwa hiyo hupotea katika mjadala ambao mawazo yake yote anayafahamu. Dawa ni nyepesi: orodha ya maneno thelathini hivi, Kiswahili upande mmoja na Kifaransa upande wa pili, igawiwe kabla ya kusikiliza. Kazi ya mchana mmoja kwa mwalimu mmoja.

Upande mwingine wa suala hili hauna dawa nyepesi. Msikilizaji ambaye nyumbani husema "niko na kitabu" na "kitabu yangu" anasikia toleo baada ya toleo ambamo watu wote wenye kuandika husema "nina kitabu" na "kitabu changu". Bila kuambiwa na mtu, hufikia hukumu kwamba vitabu ni vya wale. Akishika kalamu, huandika kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili cha hofu, kila sentensi ikipimwa kabla haijazaliwa. Sarufi sanifu ina kazi yake, na chuo kitaendelea kuifundisha. Lakini mhusika wa hadithi anayeuza ndizi katika soko la Bunia akisema kama mtangazaji wa London, hadithi imekufa mdomoni mwake. Waandishi wa lugha nyingi wamelitatua hili kwa kumpa msimulizi lugha sanifu na wahusika lugha ya mtaa. Kundi la Mufwankolo halikumpa yeyote lugha sanifu.

Podikasti ya Ituri ingeweza kulijaribu jambo hili kwa gharama ndogo kuliko uchapaji. Simu ya kawaida hurekodi sauti inayotosha. Chumba kiwe na mapazia, magodoro au nguo nyingi ili kuta zisirudishe mwangwi, na saa ichaguliwe, kwani mvua juu ya bati hulifunika neno lolote. Hadithi iwe ya msomaji mwenyewe au iombewe ruhusa kwa mwandishi, maana sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za waandishi inazilinda kazi zao hata baada ya kifo. Dakika kumi na tano za hadithi, dakika kumi na tano za mjadala, chini ya megabaiti 15, na kadi moja inaweza kuzunguka mtaa mzima.

Atakayetaka kuziandika hadithi hizo baada ya kuzirekodi atakutana na uamuzi ambao wengine wamekwisha kukutana nao. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa majumbani wa Elisabethville, mji unaoitwa sasa Lubumbashi, kilitoa historia ya mji wao iliyoandikwa na André Yav kwa Kiswahili walichokisema, bila kukipeleka kwanza kwa fundi wa sarufi. Fabian alipoichapa upya pamoja na tafsiri mwaka 1990, aliacha tahajia ya asili kama ilivyo, na kando yake akaweka maandishi mengine yaliyopatikana kwa njia ya pekee: alimwomba mwenyeji wa Shaba aisome historia ile kwa sauti mbele ya kinasa sauti, kwa sababu maneno mengi ambayo machoni yalikuwa fumbo yalifahamika mara tu yaliposikika.